Silo ya Chama Ina Magunia Mangapi? Habari za Vihisi vya Kupima Uzito



Nawaandikia kutoka Loresho, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Hapa, katika Barabara ya Kaptagat, ndipo yalipo makao makuu ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Mimi si mtafiti wala si mhandisi. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Barua zenu hupita mezani pangu, na swali moja limekuja mara nyingi kutoka kwa wakulima wa skimu za makazi. Wanasema chama chao kina silo ya chuma iliyojengwa zamani, nao wameambiwa kwamba yaweza kufungiwa vyombo vya kupima uzito bila kubomolewa. Je, ni kweli? Na je, jambo hilo lina faida, au ni njia nyingine ya kumla mkulima fedha zake?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, ni kweli. Jibu la swali la pili ni refu kidogo. Tafadhali kaa kitako, tulifuate polepole.

Kisa cha magunia 31

Kwanza nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe. Sitalitaja jina la chama wala la mtu yeyote.

Chama kimoja cha wakulima kilipokea mahindi magunia 600, kila gunia kilo 90, likapimwa kwenye mizani ya magunia na kuandikwa daftarini. Mahindi yakamiminwa ndani ya silo yenye feni ya kukaushia. Baada ya miezi michache yakauzwa, na kila gunia likapimwa tena. Yalitoka magunia 569. Magunia 31 hayakuonekana.

Mtunza ghala aliitwa mbele ya kamati. Hakuwa na la kusema, kwa maana funguo zilikuwa zake. Aliachishwa kazi siku ile ile, na watoto wake wakaitwa watoto wa mwizi njiani waendapo shule.

Mimi nilitumwa baadaye kuandika hesabu. Katika daftari la mapokezi niliona mstari ambao kamati haikuusoma: unyevu wakati wa kuingia, asilimia 18. Na katika daftari la mauzo: unyevu wakati wa kutoka, asilimia 13.5. Nikashika penseli, nikafanya hesabu ambayo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la saba. Itazame nawe.

Magunia 600 ya kilo 90 ni kilo 54,000. Asilimia 18 ya hizo ni maji, yaani kilo 9,720. Basi mahindi yenyewe bila maji ni kilo 44,280. Hizo hazikupungua hata punje moja. Baada ya kukauka, mahindi yenyewe ni asilimia 86.5 ya uzito wote. Ukigawanya 44,280 kwa 86.5 na kuzidisha kwa 100, wapata kilo 51,191 hivi. Hizo ni magunia 569, kasoro kidogo.

Mwizi alikuwa feni. Aliiba maji, tena kwa amri ya kamati yenyewe.

Yule mtu aliombwa radhi akarudishiwa kazi, lakini hakuzichukua funguo tena. Tangu siku ile nimeona kwamba kutojua uzito wa kilichomo ndani ya silo si hasara ya fedha tu. Huvunja ujirani.

Kwa nini kamba na fimbo hazitoshi

Kuna desturi mbili za zamani za kupima silo. Moja ni kugonga ukuta kwa fimbo na kusikiliza mahali sauti inapobadilika. Nyingine ni kupanda juu na kuteremsha kamba yenye kitu kizito hadi iguse nafaka. Njia hizi hukueleza kimo cha mahindi, nacho kimo si uzito.

Chukua silo ya mviringo yenye upana wa mita 4. Meta moja ya ujazo ya mahindi makavu ina uzito wa kilo 720 hivi. Basi katika silo hiyo kila sentimita 10 za kimo ni karibu kilo 900, yaani magunia 10. Mkono ukitetemeka na kamba ikakosea kwa upana wa kiganja, magunia 10 yamezaliwa au yamekufa.

Tena mahindi hayatulii kama maji. Yakimiminwa kutoka juu hufanya kilima. Katika silo hiyo ya mita 4, kilele cha kilima chaweza kuwa karibu mita moja juu ya pembeni. Mtu akipima penye kilele na kudhani ni tambarare, atahesabu magunia 60 hivi ambayo hayapo. Mwenzake akipima pembeni, atapoteza magunia kama 30 ambayo yapo. Watu wawili waaminifu, kamba moja, silo moja, nao watatofautiana kwa magunia 90. Usishangae basi mkutano mkuu ukigeuka kuwa ugomvi.

Liko jambo kubwa kuliko magunia, nalo ni roho ya mtu. Asiingie mtu yeyote ndani ya silo kupima wakati nafaka inatolewa chini. Mahindi yanayoteremka humvuta mtu kama matope, akazama kwa muda mfupi kuliko wa kuita jina lake, na wenzake hawana nguvu za kumvuta. Hata silo iliyotulia yaweza kuwa na ganda gumu juu na shimo chini yake, au hewa mbaya ya nafaka iliyooza au ya dawa ya kufukiza wadudu. Kama faida ya kipimo ingekuwa hii moja tu, kwamba kijana hapandi tena ngazi wala haingii shimoni, bado ingekuwa faida.

Chuma nacho husikia mzigo

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Kihisi cha uzito ni nini?

Chukua kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, kirefu kama shubiri. Chora juu yake mistari miwili kwa kalamu. Sasa kivute. Waona kwamba mistari imeachana, na tena tyubu imekuwa nyembamba. Kikiachiliwa hurudi kama kilivyokuwa. Chuma hufanya vivyo hivyo, ila kwa kadiri ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Ukikiminya hufupika, ukikivuta hurefuka, na mzigo ukiondoka hurudi mahali pake, mradi hukukizidishia.

Ni kidogo kiasi gani? Fikiri silo yenye miguu minne ya chuma, kila mguu urefu wa mita 3 na unene wa sentimita za mraba 50. Ukitia tani 60 za mahindi, kila mguu hubeba tani 15, nao hufupika karibu nusu milimita. Ni kama unene wa ukucha wako. Kati ya silo tupu na silo iliyojaa magunia zaidi ya 600, tofauti ni ukucha mmoja. Ndiyo habari tunayotaka kuisoma.

Kuisoma kwatumia umeme. Wajua kwamba bomba fupi na pana hupitisha maji kwa urahisi, na bomba refu na jembamba huyazuia. Waya nao huupitisha umeme kwa namna hiyo. Waya ukivutwa ukawa mrefu na mwembamba, huuzuia umeme zaidi. Ukiminywa, huuzuia kidogo. Jambo hili lilielezwa na William Thomson wa Uingereza mwaka 1856. Mwaka 1938 huko Marekani, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja mahali pake, walivumbua namna ya kugandisha uzi mwembamba wa waya juu ya chuma ili chuma kikifupika, waya nao ufupike. Siku hizi mahali pa waya hutumiwa utando mwembamba wa madini uliokatwa kama nyoka anayejikunja, juu ya kipande kidogo cha plastiki.

Mabadiliko ya kizuizi hicho nayo ni madogo. Katika mguu wetu wa silo, mzigo wote wa tani 60 hubadili kizuizi cha waya kwa sehemu 3 hivi katika 10,000. Kwa hiyo nyaya nne hupangwa kwa umbo la mraba liitwalo daraja la Wheatstone, kwa jina la Charles Wheatstone aliyelieneza mwaka 1843. Lifikirie kuwa mizani ya duka yenye sahani mbili. Pande zikilingana, mshale hukaa sifuri. Upande mmoja ukibadilika kidogo tu, mshale husogea. Daraja hilo husema kwa umeme kile ambacho mizani ya duka husema kwa mshale.

Njia mbili za kukifunga kwenye silo ya zamani

Njia ya kwanza ni kuweka vipima-uzito chini ya miguu. Kila kimoja ni kipande kizito cha chuma kigumu chenye nyaya zake ndani. Silo humwagwa ikawa tupu, boliti za miguu hufunguliwa, silo huinuliwa kidogo kwa jeki, na kipima-uzito huwekwa kati ya mguu na msingi wa zege. Kisha silo yote husimama juu ya vyombo hivyo. Hii ndiyo njia ya usahihi zaidi, kwa kuwa chombo kilitengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo tu, na uzito wote hauna njia nyingine ya kufika ardhini. Lakini ni kazi ya mhandisi, si ya fundi wa kuunganisha mageti. Silo iliyoinuliwa vibaya huanguka. Na miguu yote lazima ikae sawasawa. Ukumbuke meza ya miguu minne katika sakafu mbovu, jinsi mguu mmoja unavyoning'inia bila kubeba kitu.

Njia ya pili ni kufunga vihisi juu ya miguu yenyewe. Rangi hukwanguliwa, chuma husafishwa, mashimo madogo hutobolewa, na kihisi hufungwa kwa boliti ili kishikane na mguu kabisa. Hapa silo haiinuliwi. Mguu wa silo wenyewe umegeuzwa kuwa mizani. Ni kazi nyepesi na ya gharama ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini usahihi wake ni mdogo. Kwa kawaida hukosea asilimia moja, mbili au hata tatu ya ujazo wote. Katika silo ya tani 60, asilimia mbili ni kilo 1,200, yaani magunia 13 hivi. Kwa kujua kama silo imejaa, nusu, au inakaribia kwisha, yatosha sana. Kwa kumlipa mkulima mazao yake, haitoshi kamwe.

Kwa njia yoyote kati ya hizi, kila mguu upate chombo chake. Fundi akikuambia kwamba miguu miwili yatosha kwa silo ya nafaka, mwulize maswali. Kilima cha mahindi kikiegemea upande mmoja, mguu wa upande huo hubeba zaidi. Upepo ukivuma, miguu ya nyuma hulemewa na ya mbele hupunguziwa. Ukijumlisha miguu yote, makosa hayo huondoana. Ukisoma miguu miwili, makosa hubaki kwako.

Silo ambazo hazifai

Njia hizi mbili ni za silo au tangi lililosimama juu ya miguu. Silo pana inayokaa juu ya sakafu ya zege ni jambo jingine. Mwaka 1895 Mjerumani H. A. Janssen alionyesha kwamba nafaka ndani ya silo ndefu haiegemei sakafu peke yake. Sehemu kubwa ya uzito huning'inia kwenye kuta kwa msuguano. Basi chombo kilichowekwa sakafuni kitasoma sehemu tu. Kwa silo kama hizo, njia ya kuaminika ni kupima kila kiingiacho na kila kitokacho juu ya mizani ya malori, na kuandika.

Na ikiwa nafaka yenu imo magunia ndani ya bohari, au kila mtu ana pipa lake la bati nyumbani, msinunue kihisi chochote. Hesabuni magunia.

Maadui wa kipimo

Adui wa kwanza ni jua. Mguu wa mita 3 ukipata joto zaidi kwa nyuzi 10 hurefuka zaidi ya theluthi ya milimita. Linganisha na ile nusu milimita ya mahindi yote. Bila kinga, jua la mchana laweza kusema kwamba karibu tani 50 zimetoka, hali mlango haujafunguliwa! Kinga yake ni kufunga kihisi kimoja kwa wima na kingine kwa kulala. Joto hupanua chuma pande zote sawa, nalo mzigo hufupisha wima na kupanua mlalo kidogo. Daraja la Wheatstone hupokea tofauti tu, na joto huondoka katika hesabu. Hata hivyo mguu waweza kupigwa na jua upande mmoja ukapinda, kwa hiyo vihisi huwekwa pande mbili za mguu, na mara nyingine hufunikwa. Soma kipimo alfajiri, kabla ya jua kupanda. Ndiyo saa ya ukweli.

Adui wa pili ni bomba na ngazi. Bomba likiwa limeungwa kwa ukakamavu kati ya silo na ukuta wa nyumba, sehemu ya uzito hupita kwenye bomba. Ni kama mtu anayejipima huku ameshika kiti. Kila bomba liwe na kiungo laini, na ngazi isimame kwa miguu yake yenyewe.

Adui wa tatu ni maji. Umeme unaorudi kutoka kwenye kipima-uzito ni mdogo mno. Kwa kawaida hupewa volti 10 na kurudisha milivolti 20 tu mzigo unapokuwa kamili. Kama mzigo huo ni tani 60, gunia moja la mahindi ni sehemu 3 katika 100 za milivolti moja. Tone la maji ndani ya sanduku la viungo latosha kupotosha habari hiyo. Sanduku lifungwe vizuri, na waya upite ndani ya bomba ambalo panya hawawezi kulitafuna.

Adui wa nne ni radi. Wakulima wa Kisii na Kakamega hawahitaji kufundishwa habari za radi. Silo ni chuma kirefu kilichosimama peke yake uwanjani. Iwe na waya mnene wa kuteremsha umeme ardhini, na vyombo viwe na kinga yake.

Adui wa tano ni mtu mwenyewe. Mnajenga ngazi mpya, mnamwita fundi wa kuchomelea, anaunga waya wake kwenye mguu wa silo. Umeme wa kuchomelea hupita ndani ya kihisi na kukiua papo hapo. Andikeni kwa rangi nyekundu kwenye kila mguu: USICHOMELEE HAPA.

Kipimo nacho hupimwa

Chombo kipya hakijui kilo. Lazima kifundishwe, kama mtoto anavyofundishwa kuhesabu.

Silo ikiwa tupu kabisa, fundi huandika usomaji wa kwanza na kuuita sifuri. Kisha lori la mahindi hupimwa likiwa limejaa, humwaga ndani ya silo, na hupimwa tena likiwa tupu. Tuseme kilo 17,300 limejaa na kilo 7,400 tupu. Mahindi yaliyoingia ni kilo 9,900, yaani magunia 110. Usomaji mpya huandikwa kando yake. Fanya hivyo kwa lori la pili, la tatu na la nne. Chora nukta hizo kwenye karatasi ya miraba. Zikisimama katika mstari ulionyooka, chombo ni kizima. Nukta moja ikiruka pembeni, tafuta sababu kabla ya kumlipa fundi: yaweza kuwa bomba lililobana, mguu unaoning'inia au boliti iliyolegea.

Kwa vihisi vilivyofungwa juu ya miguu, kazi hii hairukwi hata kidogo, kwa sababu hakuna silo mbili zenye miguu iliyo sawa kabisa. Irudieni kila mwaka silo inapokuwa tupu kabla ya mavuno mapya.

Matangi ya maziwa na maji

Ninyi wa Nyandarua na kwingineko mnaofuga ng'ombe mtauliza habari za matangi. Tangi lenye miguu hupimwa kwa njia zile zile, tena kwa wepesi zaidi, kwa kuwa maziwa hayafanyi kilima. Iko na njia nyingine: kihisi cha mgandamizo kinachowekwa chini kabisa ya tangi. Kadiri kimo cha maji kinavyozidi, ndivyo yanavyosukuma chini kwa nguvu. Kwa tangi lenye kuta zilizonyooka, hilo latosha kujua kilichomo.

Ila kumbuka kwamba lita ya maziwa si kilo moja. Lita 100 za maziwa zina uzito wa kilo 103 hivi. Kituo kikipokea kwa kilo na kulipa kwa lita, au kinyume chake, kila lita 1,000 zitaleta tofauti ya 30. Kubalianeni mapema, mwandike, msitumie vipimo viwili.

Kihisi hakijui kila kitu

Rudi kwenye kisa cha magunia 31. Je, vihisi vingemwokoa yule mtunza ghala? Vingesaidia, maana vingeonyesha uzito ukishuka polepole kila siku feni ilipowashwa, na kutulia ilipozimwa. Mwizi hapunguzi kidogo kidogo usiku na mchana. Gunia likiibwa, uzito hushuka ghafula kama mtu anavyoshuka ngazi. Lakini vihisi peke yake visingesema kwamba kilichotoka ni maji. Hilo lasemwa na kipima-unyevu na daftari. Kipima-uzito bila kipima-unyevu ni shahidi mwenye jicho moja.

Tena hakijui kuvu. Silo iliyojaa mahindi yenye sumu ya kuvu huonyesha uzito mzuri sawa na silo ya mahindi safi. Mwaka 2004, katika Ukambani hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, wala pasiwe na kipimo cha uzito kinachowasahaulisha jambo hili.

Sheria na stakabadhi

Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, hutaka kila mizani ya biashara ikaguliwe na kutiwa muhuri na afisa wa vipimo. Vihisi vya silo vikiwa ni vya kujua akiba tu, ni mali yenu na faida yenu. Lakini mtu akilipwa au kukatwa fedha kwa usomaji wake, hapo ni biashara, na muhuri wahitajika. Kwa malipo, endeleeni kutumia mizani ya magunia au mizani ya malori iliyotiwa muhuri.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu ilipopitishwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2019. Mkulima hupeleka nafaka yake katika ghala lenye leseni, hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo yaweza kuwa dhamana ya mkopo huku akingoja bei ipande. Stakabadhi ni karatasi. Nguvu yake yatoka kwenye kilo zilizoandikwa juu yake, na kilo hizo zatoka kwenye kipimo. Kipimo kikiwa cha uongo, karatasi nayo ni ya uongo, hata ikiwa na mihuri kumi.

Maswali ya kumwuliza fundi

Kabla kamati haijatia sahihi, mwenyekiti asimame na karatasi hii, amwulize fundi mbele ya wanachama:

1. Je, utafunga chini ya miguu au juu ya miguu, na kwa nini?
2. Je, kila mguu utapata chombo chake?
3. Kitakosea kilo ngapi silo ikiwa imejaa, na kilo ngapi ikiwa nusu? (Ajibu kwa kilo, si kwa maneno matamu.)
4. Umekinga vipi jua, maji, panya na radi?
5. Nani ataangalia kama miguu na msingi wa silo vina nguvu na havina kutu? Je, ni mhandisi?
6. Utakifundisha chombo kwa malori mangapi, nasi tutakuwepo kushuhudia?
7. Umeme ukikatika, usomaji utapotea au utabaki?
8. Kikiharibika, nani atakitengeneza, na atatoka wapi?

Akijibu vizuri yote manane, yaelekea anaijua kazi yake. Akikasirika, mshukuruni kwa kuja, mumtafute mwingine.

Neno la mwisho

Chama ambacho hakiandiki mapokezi yake daftarini hakitaponywa na chombo cha umeme. Anzeni na daftari. Kisha nunueni kipima-unyevu. Kisha hakikisheni mizani ya magunia ina muhuri. Baada ya hayo matatu, kama silo yenu ina miguu mizuri na nafaka yapita ndani yake kila msimu, vihisi vya uzito vitakuwa na kazi ya kufanya.

Na siku ya kwanza vikifungwa, usomaji usifichwe ofisini. Andikeni ubaoni, mlangoni pa ghala, kila asubuhi: tarehe, kilo, unyevu. Kila mwanachama apitaye asome mwenyewe. Hapo hakuna mtoto atakayeitwa mtoto wa mwizi kwa kosa la feni.

Kwa maswali zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Akishindwa, aniandikie, nami nitabisha mlango wa wanaojua zaidi yangu.